Msaada wa haraka: chatu wangu ametokwa na nyama nyekundu chini ya mkia

GambaJipya (mwenye uzi)
Wakuu, naomba msaada, mikono inanitetemeka. Nina chatu jike wa miaka 4, wa ile aina ndogo inayojikunja duara ikiogopa. Sasa hivi nimefungua kizimba nimbadilishie maji, nikamkuta amejinyoosha pembeni, mkia kauinua kidogo, na kwenye tundu la haja pametoka kitu chekundu kinachong'aa, ukubwa wa zabibu mbili zilizobanana. Kimeshagandwa na chembe za makumbi ya nazi ninayomtandikia. Ulimi anautoa, nikimgusa anajikunja, ila anajikamua: tumbo la chini linabana, linaachia, linabana tena. Damu ni matone tu.

Ni saa 4 usiku. Daktari ninayemtegemea hapokei simu. Nikirudishe ndani kwa kidole? Nimwache mpaka asubuhi?

MleziWaMagamba
Pole sana. Usikirudishe kwa kidole, na usimwache hivyo hivyo. Adui wa kwanza usiku huu ni kukauka. Hiyo nyama imezoea kuishi ndani, penye unyevu. Ikikaa hewani inakauka na kuvimba, damu inakwama, na ikishageuka nyeusi maana yake imekufa, hapo daktari atalazimika kukata.

Mtoe kwenye makumbi sasa hivi. Mweke kwenye boksi safi, chini utandike karatasi za taulo zilizolowa maji ya uvuguvugu. Kama una maji ya chumvi ya dripu, mmiminie taratibu mpaka chembe zianguke zenyewe. Huna? Maji safi ya uvuguvugu yatafaa. Usichokoe kwa kibano wala kufuta kwa pamba, nyuzi za pamba zinang'ang'ania.

Halafu tazama kwa makini: kimetoka katikati ya tundu au ubavuni? Na una hakika ni jike? Dume ana viungo viwili vya uzazi vilivyojificha ndani ya shina la mkia, na kimoja kinaweza kutoka kikagoma kurudi. Hicho hutokea upande mmoja. Puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, hutoka katikati, laini, na mara nyingi utaona kijitundu kwenye ncha.

NjiaYaMsituni
Mimi wangu alitokwa hivyo hivyo. Nilipaka mafuta ya kupikia nikasukuma, ikarudi. Usihangaike na daktari usiku huu.

MleziWaMagamba
Mkuu, nafurahi kwamba wako alipona, lakini tafadhali tusimpe mwenzetu njia hiyo. Utando ule ni mwembamba, ukisukumwa umevimba unachanika. Na hata ukiingia, kile kilichomfanya ajikamue bado kimo ndani. Atautoa tena.

GambaJipya (mwenye uzi)
Nimemsafisha. Chembe zote zimetoka isipokuwa mbili. Kimetoka katikati, na ndiyo, nakiona kijitundu. Rangi ni ya waridi iliyokolea, upande mmoja kuna doa la zambarau kama ukucha wa kidole cha mwisho. Tangu nianze kummiminia maji amepunguza kujikamua.

TabibuMstaafu
Nimetibu wanyama miaka mingi, watambaao wakiwemo. Hiyo ni puru, wazee wangesema ametoka mjiko. Rangi ya waridi ni habari njema. Lile doa ndilo linalonifanya nikuambie usilale.

Nenda jikoni. Koroga sukari nyeupe kwenye maji ya uvuguvugu mpaka yawe mazito kama sharubati nzito. Lowesha shashi safi, uifunike nyama yote, uiache dakika 10 hadi 15, kisha suuza. Sukari huvuta maji kutoka kwenye uvimbe, nyama ikanywea. Unaweza kurudia. Ikianza kurudi yenyewe, iache irudi. Isiporudi, ipake jeli ya kulainisha, ile isiyo na mafuta wala dawa, na uendelee kuiweka mbichi.

Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu hata chembe. Usimlishe. Usimtumbukize kwenye beseni la maji ukaondoka, nyoka mchovu huzama. Pedi ya joto iwe nje ya boksi na upande mmoja tu, nyuzi 27 au 28 za Selsiasi zinamtosha kwa sasa. Piga simu kila kliniki ya wanyama inayofanya kazi usiku, na uwaambie mapema kwamba ni nyoka, maana si kila daktari humshika.

Sasa nijibu: choo alipata lini mara ya mwisho? Unyevu wa kizimba ukoje?

GambaJipya (mwenye uzi)
Choo ni kama wiki 7 zilizopita. Niliona nikasema chatu ndivyo walivyo. Kipima unyevu kinasoma asilimia 34. Mwezi uliopita nilimwekea taa ya joto juu ya wavu kwa sababu ya baridi.

TabibuMstaafu
Basi tumeshapata pa kuanzia. Taa ya juu inakausha hewa. Chatu wa aina yako anahitaji asilimia 55 hadi 65 au zaidi kidogo. Akipungukiwa maji, ule mkojo wao mweupe hukauka ukawa donge gumu kama chokaa, naye hujikamua kulitoa. Mwambie daktari hilo neno kwa neno. Kinyesi chochote akitoa kiweke kwenye chombo chenye mfuniko, minyoo nayo ichunguzwe.

GambaJipya (mwenye uzi)
Taarifa. Baada ya shashi ya pili ya sukari kilinywea kikabaki kama zabibu moja, lakini hakikurudi. Saa 8 usiku kliniki moja ilikubali kunipokea. Nilimbeba ndani ya foronya iliyo kwenye boksi, shashi ikiwa imelowa njia nzima.

Walimpa nusukaputi, wakapapasa tumbo wakakuta donge, wakalilainisha na kulitoa vipande vipande. Kilikuwa kitu cha manjano, kigumu, ukikibonyeza kinabomoka kama chaki. Kisha wakarudisha puru na kumtia uzi mmoja kila upande wa tundu, likabaki wazi kiasi cha kupitisha choo. Lile doa la zambarau lilirudiwa na rangi mbele ya macho yangu, baada ya uvimbe kushuka. Daktari alisema lingekaa mpaka asubuhi asingeahidi kitu.

MleziWaMagamba
Nimesoma nikashusha pumzi. Amepigwa maji?

GambaJipya (mwenye uzi)
Ndiyo, chini ya ngozi. Anarudi kliniki kesho kutwa kuongezewa.

KobeMpole
Samahani kuingilia. Wangu ana wiki 5 bila choo. Nianze kuogopa?

TabibuMstaafu
Wiki peke yake hazisemi kitu, inategemea umemlisha mara ngapi. Angalia mkojo mweupe: ukitoka laini kama uji, sawa. Ukitoka mkavu wa kubomoka, wa manjano au rangi ya chungwa, anakosa maji. Finya ngozi ya ubavu, ikibaki na mkunjo ni dalili nyingine, na akijivua gamba vipande vipande pia. Ukiona hayo, au sehemu ya nyuma imetuna na ngumu ukiipapasa, usisubiri ajikamue.

GambaJipya (mwenye uzi)
Siku ya 9 leo. Taa nimeiondoa, nimefunga pedi yenye kidhibiti joto, wavu nimeuziba robo tatu, na unyevu umesimama kwenye 62. Bado analalia karatasi, makumbi hayarudi mpaka nyuzi zitolewe. Chakula cha kwanza daktari amesema kiwe kidogo, nusu ya kawaida yake, na si kabla ya wiki ijayo. Jana usiku nilimkuta ameweka kidevu kwenye ukingo wa bakuli anakunywa, koo linapanda na kushuka. Nilikaa chini nikamtazama mpaka akamaliza.