Mjadala: Ukarabati mkubwa wa jengo la fleti ulipiwe kwa hesabu gani?

Mwenye hoja, Tudor, Mombasa:
Jengo letu lina fleti 24. Upande unaotazama maji, hewa ya chumvi imezila nondo, kutu imezivimbisha, na zege linabanduka vipande vipande chini ya roshani. Kazi ni ya lazima, hilo silibishii. Ninachobishia ni barua ya wasimamizi inayomtaka kila mmiliki alipe shilingi 180,000 ndani ya siku 14, mwenye chumba kimoja sawa na mwenye vyumba vinne, bila ripoti ya mhandisi, bila makadirio ya mkandarasi wa pili, na bila neno lolote kuhusu ada za matengenezo tulizokwisha kulipa. Sheria mpya ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyoanza kutumika Kenya tarehe 28 Desemba 2020, inakabidhi usimamizi kwa shirika la wamiliki wenyewe, na michango hufuata kiwango kilichoandikishwa kwa kila sehemu, yaani fungu la kila fleti katika jengo zima. Je, tulipe kisha tuulize, au tuzuie mpaka tuonyeshwe hesabu?

Mweka hazina wa jengo jingine, Nyali:
Kudai hesabu ni haki yenu, lakini kutu haingoji mkutano. Sisi tulibishana mwaka mzima, masika yakapita juu ya nyufa zilizo wazi, na kazi ambayo ingekuwa ya kuziba na kupiga plasta ikageuka ya kukata nondo na kuweka nyingine. Tena waliozuia fedha ni wale wale waliokataa kila mwaka kuongeza ada ya mwezi ili tuwe na akiba.

Mmiliki wa ghorofa ya chini:
Mimi sipandi lifti, wala paa likivuja sinyeshewi. Kwa nini nilipe?

Mwenye hoja:
Nguzo zilizo ubavuni mwa sebule yako ndizo zinazonibeba mimi niliye juu. Ukiniachia paa, kaka, nami nikuachie msingi?

Mmiliki aliyeko London:
Huku, sheria ya mwaka 1985 inasema kwamba kazi ikimgharimu mmiliki yeyote zaidi ya pauni 250, mwenye jengo hutoa ilani, husubiri maoni kwa siku 30, kisha huonyesha makadirio na kusubiri siku 30 nyingine. Akiziruka hatua hizo hawezi kumtoza mtu zaidi ya pauni 250, isipokuwa baraza linaloamua migogoro ya nyumba limwondolee sharti. Msije mkadhani kwamba ilani hupunguza bili. Niliipata kwa utaratibu kamili na bado ilinitoa jasho.

Mwenye hoja:
Mweka hazina amenisogeza kidogo. Nitapendekeza tuchange sasa fedha za mhandisi na za kuegemeza roshani zilizo hatarini, kwa viwango vyetu, na mchango mkubwa ungoje ripoti yake na makadirio matatu. Ila kuna fundo moja: jengo letu bado linashikiliwa kwa hati za zamani za upangaji wa muda mrefu, na aliyelijenga bado ndiye mwenye sauti katika kampuni ya usimamizi. Ile sheria yetu ya 2020 ilitoa miaka miwili ya kubadilisha hati hizo, nasi tukalala. Aliyefanikisha mabadiliko hayo bila ridhaa ya mjenzi atueleze alianzia wapi.