Salongo (kazi ya mikono ya pamoja kwa faida ya bote) ya biro inaweza kurudisha moyo wa batumishi?

Shefu mudogo, Lubumbashi: Jambo bandugu. Biro yetu iko na batu kama 20, moyo umeanguka, kila mutu anaingia asubuhi anafungua ordinateri, kimya mpaka saa ya kurudi. Nawaza tuende wote kuzibua kanivo (mifereji ya maji) kule Katuba mbele ya mvua ya mwezi wa 11. Itasaidia ao nitawachosha bule?

Mama wa Kamalondo: Yaya, usiite salongo! Wazee watakumbuka ile ya wakati wa Mobutu, mutu alikuwa anaenda juu ya lazima. Uliza batumishi wenyewe wanataka kusaidia nani. Na isiwe siku ya posho (Jumamosi), batu wako na soko na matanga, fanya siku ya kazi na mushahara uendelee.

Fundi Rangi: Sisi tulipaka rangi masomo (shule) moja huku Ruashi, kumbe kontabli wetu, ule hakuna anayemusalimiaka, ndiye anajua kuchanganya rangi, basi bote tukawa tunamuuliza yeye, hata patron alishika burosi akaambiwa na planton (mutumishi wa kutumwa-tumwa) "hapa umeruka, rudia" 😂 Mpaka leo saa sita wanakula bukari pamoja. Wale hawakutaka kuja hakuna aliyewasema, hiyo njo ya maana.

Kazi na Franga: Mushahara umelipwa? Kama bado lipa kwanza, kanivo itangoja. Na acha mupiga picha kwenye biro.

Shefu mudogo: Umelipwa, ila umechelewa. Nitawauliza kesho. Glavu na buti ni biro itatoa, sivyo?

Mama wa Kamalondo: Biro, yaya. Na maji ya kunywa.