Kenge kaingia bandani nimemfunika na tenga, je snake park wanapokea?

Mzee wa Mayai:
Wakuu habari za asubuhi. Niko huku Usa River nafuga kuku wa kienyeji kama 40 hivi, banda liko nyuma ya nyumba karibu na mfereji. Wiki mbili sasa mayai yanapotea nikawa nawasingizia watoto wa jirani, Mungu anisamehe, sasa leo saa 11 alfajiri kuku wanapiga kelele naenda na tochi nakuta dude limejaa kwenye kiota, mkia mrefu kuliko mkono wangu, ulimi unatoka unaingia kama wa nyoka. Nimelifunika na tenga nikaweka tofali tatu juu na mpaka saa hizi linapuliza tu mle ndani fffff. Mama watoto anasema mkia wake una sumu tulichome moto, shemeji anasema tulipeleke Meserani kwenye snake park, ile bustani ya nyoka, watalinunua. Nishaurini haraka bodaboda yupo getini.

Kijana wa Monduli:
Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo ila wako kaingia msafara wa kuku 😂😂

Ntapita Tena:
Mwambie bodaboda aende zake kwanza. Kenge ni mnyamapori, mali ya serikali kama tembo tu, ipo sheria ya wanyamapori ya 2009, ukikutwa njiani na tenga lako bila kibali hiyo ni kesi na shemeji hatakuwepo. Mpigie afisa wanyamapori wa halmashauri.
Kuhusu sumu, mkia hauna sumu hata tone, ila ni fimbo, akikuchapa utakumbuka. Meno ndo mabaya, akikung'ata osha sana na sabuni halafu nenda ukachome ya pepopunda. Angalia mkia, kama umebanwa kwa pembeni na ana madoa ya njano basi ni kenge wa maji, ndo wanafuata mifereji. Yule wa nchi kavu ana pua butu na rangi ya vumbi.

Mama Tumaini:
Meserani nilipeleka wanafunzi mwaka juzi, ni kama kilomita 25 ukitoka Arusha mjini njia ya Makuyuni. Koboko yupo, moma, chatu, mamba pia, na pembeni kuna kliniki Wamasai wanaletwa wakigongwa na nyoka. Wanafunzi wangu walipita kwa kenge bila hata kusimama, wote wamejazana kwa koboko, mimi ndo nilibaki namwangalia peke yangu.

Mgiriama Halisi:
Huku kwetu twamwita mburukenge. Niko karibu na Watamu, ile shamba ya nyoka ya Bio-Ken iko tangu 1980, nyoka akiingia nyumbani hapa Watamu unawapigia wanakuja kumtoa bure. Sasa usimchome bana, huyo ndiye hufukua mayai ya mamba ayale, ukimmaliza mtoni utakuja kulia na mengine. Na uchunguze vichuguu hapo karibu, jike hutoboa kichuguu chenye mchwa hai ataga mle, mchwa wenyewe wanaziba tundu, joto lao laatamia mayai. Fukia tu mashimo ya banda na uweke wavu wa matundu madogo mpaka chini ya udongo, maana kuchimba ajua.

Ntapita Tena:
@Mzee wa Mayai vipi huko, au keshatoka?

Mzee wa Mayai:
Afisa kaja saa nane na gunia na kijiti, dakika mbili kazi kwisha, kasema ni kenge wa maji kweli wanaenda kumwachia mtoni mbali na makazi. Mama watoto bado anashikilia habari ya mkia, nimemwacha. Wavu nanunua kesho. Watoto wa jirani nimeenda kuwaomba radhi, nilitaka niwapelekee mayai nikakuta kiota kina moja tu, nikawanunulia maandazi.