Mrejesho: zile kadi zangu za wino uliogoma kukauka

Wapendwa, ni mimi wa Kondele, Kisumu, niliyewauliza kwa nini wino wa pedi ya mihuri ulikuwa unapakazika kwenye kadi za harusi ya mpwa wangu hata baada ya kuanikwa usiku kucha.

Aliyesema kosa si la wino bali la karatasi, asante sana. Karatasi ya kung'aa hainywi wino. Unabaki juu ukingoja kidole. Nikahamia manila isiyong'aa, na chache kwenye karatasi ya gugumaji inayotengenezwa hapa Kisumu. Hiyo ina nyuzinyuzi, herufi ndogo hazisomeki, lakini chapa ya jani la mti inatoka vizuri ajabu.

Jani ndilo lililoniokoa. Nilidonadona wino upande wa chini wa jani la mpera, penye mishipa iliyotokeza, nikalilaza kwenye kadi, nikafunika kwa gazeti na kubonyeza kwa kiganja. (Mwanzoni nilikuwa nasugua, kadi sita zikaharibika.) Kingo nilizigusagusa kwa kipande cha sponji ya vyombo, rangi hafifu kwanza, zambarau mwisho.

Dada uliyeniambia nigonge pedi kwenye mfuko wa nailoni, ninyunyizie maji kisha nilaze kadi juu: mifuko hiyo si ilipigwa marufuku hapa Kenya 2017? Nilitumia kifuniko cha ndoo. Rangi ilitawanyika kama ziwa jioni.

Kadi 80 zimeshagawiwa. Bibi harusi anataka 20 zaidi, na pedi ya buluu imekauka.