Tupeane uzoefu: kazi zimekubana, mazoezi unafanya saa ngapi?

Mhasibu_Kimara: Jana kwenye mwendokasi kuna dada alikuwa kashika kifua, jasho linamtoka, nikakumbuka yangu. Tulikuwa tunafunga hesabu za mwezi, simu ya bosi haikatiki, nimesimama karibu na mlango. Ghafla moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, hewa haishuki. Nikajua ndo nakufa, nawaza nani atampokea mwanangu akitoka shule. Abiria wakanishusha Ubungo, mama mmoja akanifungua vifungo vya shingoni, akanipepea na kanga yake. Hospitali wakapima moyo, uko salama, ila presha juu. Daktari akasema ni msongo, nianze kutembea. Siku hizi raba zinakaa kwenye mkoba, nashuka Baruti, naenda kwa mguu hadi Kimara mwisho. Usingizi umerudi. Wenzangu mnapata wapi muda?

Mama_Pacha: Yaliwahi kunikuta. Pole mwaya.

Chuma_Tabata: Kutembea ni usafiri, siyo mazoezi. Amka saa kumi alfajiri ukimbie.

Mama_Pacha: Saa kumi hiyo naandaa watoto, gari la shule linapiga honi saa kumi na moja. Utakuja kuwavalisha wewe?

Nesi_Temeke: Chuma, usipotoshe watu. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea haraka kumo. Nusu saa mara tano, umemaliza. Kasi inayofaa ni ile unayoweza kuongea lakini kuimba pumzi haitoshi. Ila kifua kikibana, hospitali kwanza, msijipe jibu la stresi wenyewe.

Jogging_Mbagala: Mbona sisi tunaimba? Jumapili mchakamchaka, mmoja anatoa, wengine tunaitikia, mawazo yote yanabaki barabarani.

Chuma_Tabata: Jumapili tu haitoshi.

Jogging_Mbagala: Njoo kwanza, tukuone kwenye kilima.

Binti_Uani: Alfajiri giza, wanawake tunaogopa. Mimi nikibandika maharage naruka kamba uani hadi yaive.

Nesi_Temeke: Maharage ya saa mbili? Pumzika katikati, mdogo wangu.

Korogwe_Kwetu: Mhasibu, njia hiyo jioni ina watu? Mimi nashuka kituo cha Korogwe, hapo kabla ya Kimara mwisho. Kama saa zetu zinalingana, nitashuka Baruti twende wote.