Nimeweka Xfce kwenye Debian lakini kila nikiwasha kompyuta inarudi GNOME, naombeni ushauri

mwanzo_mpya:
Habari zenu wakuu. Nina laptopu ya siku nyingi, RAM GB 4, diski bado ile ya kuzunguka. Nimeweka Debian 12, mfumo wa Linux, na wakati wa kusakinisha nikaacha desktopu ya GNOME kama ilivyokuja. Ni nzuri, siisemi vibaya, ila kwa mashine hii ni mzigo: nikifungua kivinjari na faili moja la kuandikia, diski inaanza kukoroma na kipanya kinaganda.

Nikasoma kwamba Xfce, desktopu nyingine, ni nyepesi, nikaiweka kwa `sudo apt install task-xfce-desktop`. Katikati ya kazi ikatokea skrini ya kuuliza gdm3 au lightdm. Sikuelewa inauliza nini, nikabonyeza Enter. Usakinishaji ukaisha salama, nikawasha upya, na nikajikuta GNOME ileile.

Baada ya hapo nilitumia `sudo update-alternatives --config x-session-manager`, nikachagua startxfce4. Nikawasha upya. Bado GNOME! Siku tatu nahangaika na kitu hiki na kazi zangu zimelala. Nataka Xfce iwe ndiyo chaguo la kudumu nikiwasha tu. Nakosea wapi?

kibodi_kimya:
Pole mkuu. Toka nje ya akaunti yako, kisha kwenye skrini ya kuingia tafuta alama ya gia pembeni. Ibonyeze, chagua Xfce Session, ingia. Itakumbuka yenyewe.

mwanzo_mpya:
Asante mkuu, ila mimi sioni skrini ya kuingia kabisa. Nikiwasha inanipeleka moja kwa moja ndani, niliiweka hivyo isiniombe nenosiri kila mara. Nimejaribu kutoka kama ulivyosema, naona jina langu katikati ya skrini na vitu vichache pembeni, gia haipo.

futa_anza_upya:
Ondoa GNOME yote ubaki na Xfce peke yake. `sudo apt purge *gnome*` na habari imeisha.

mama_wa_terminali:
Ndugu yangu mwanzo_mpya, tafadhali usiiendeshe hiyo amri. Hizo nyota mbili hazichagui: zinakamata kila pakiti yenye neno gnome ndani ya jina lake, ikiwemo network-manager-gnome. Hiyo ndiyo inayoleta ikoni ya Wi-Fi kwenye paneli ya Xfce. Niliwahi kufanya hivyo kwenye mashine ya kazini, nikabaki na desktopu safi isiyo na njia ya kuunganisha mtandao ili nirudishe nilichofuta. Ukitaka kuondoa GNOME, iondoe baadaye, Xfce ikishakaa sawa, na usome orodha yote ambayo apt inakuonyesha kabla ya kujibu ndiyo.

Sasa nipe majibu ya amri hizi mbili:

`cat /etc/X11/default-display-manager`
`ls /usr/share/xsessions /usr/share/wayland-sessions`

mwanzo_mpya:
Ya kwanza inasema `/usr/sbin/gdm3`. Ya pili imetoa mafaili kadhaa ya gnome, na kwenye xsessions kuna `xfce.desktop` na `lightdm-xsession.desktop`.

mama_wa_terminali:
Vizuri sana. Xfce yako imekaa vizuri, haina kasoro yoyote. Tatizo liko mlangoni.

Kuna vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Desktopu yenyewe ni kile unachokiona ukishaingia: GNOME, Xfce, KDE Plasma na kadhalika. Kabla yake kuna programu nyingine inayosimama mlangoni, inayopokea jina na nenosiri kisha kuamua ikufungulie desktopu gani. Kwako ni gdm3. Ile skrini iliyokuuliza gdm3 au lightdm ilikuwa inauliza nani asimame mlangoni, wala haikuuliza unataka desktopu ipi. Kwa hiyo hata ungechagua lightdm, hilo peke yake lisingetosha.

gdm3 haiangalii ile update-alternatives uliyoifanya, isipokuwa ukichagua sesheni inayoitwa System X11 Default. Hiyo ndiyo inayopita njia ya zamani na kufuata x-session-manager, yaani lile chaguo lako la startxfce4. Ukiwa umeingia kwa sesheni ya GNOME, gdm3 inaandika kwenye kumbukumbu ya akaunti yako kwamba mtu huyu ni wa GNOME, na kesho inakurudisha hukohuko. Na kwa kuwa umewasha kuingia bila kuulizwa, hupati nafasi ya kuiambia vingine. Inasoma ilichoandika jana na kukufungulia.

Kuhusu gia: haionekani mpaka ubonyeze jina lako. Toka kwenye akaunti, bonyeza jina, subiri kisanduku cha nenosiri kitokee, halafu tazama kona ya chini kulia. Usiandike nenosiri kwanza. Bonyeza gia, chagua Xfce Session, ndipo uandike.

Hiyo ya kuingia bila kuulizwa hufanya kazi wakati wa kuwasha tu. Ukitoka mwenyewe, skrini inakuja, kwa hiyo huna haja hata ya kuizima.

kibodi_kimya:
Hili la kubonyeza jina kwanza nimelisahau kulisema, samahani mkuu. Nimezoea mpaka mkono unaenda wenyewe.

nukta_mkato:
Naongeza kwa atakayekwama zaidi, kwa mfano skrini ya kuingia inaganda au gia haionekani hata baada ya kubonyeza jina. Kumbukumbu yenyewe ni faili la maandishi tu. Bonyeza Ctrl+Alt+F3 upate skrini ya maandishi matupu, ingia kwa jina na nenosiri, kisha:

`sudo nano /var/lib/AccountsService/users/jina_lako`

Weka jina la akaunti yako hapo mwishoni. Ndani utakuta mstari wa `Session=` au `XSession=`. Baada ya alama ya sawasawa andika `xfce`, yaani jina la faili lililoko kwenye xsessions bila ile `.desktop`. Hifadhi, kisha `sudo systemctl restart accounts-daemon` na uwashe upya. Herufi ziwe ndogo zote: ukiandika Xfce kwa herufi kubwa haitapata faili la jina hilo na utarudi ulikotoka.

mwanzo_mpya:
WAKUU IMEKUBALI. Gia ilikuwepo siku zote, mimi nilikuwa naitafuta kabla ya kubonyeza jina. Nimechagua Xfce Session, nikaingia, nikawasha upya mara mbili kuhakikisha, na mara zote mbili imekuja Xfce yenyewe bila kuniuliza kitu. `echo $XDG_CURRENT_DESKTOP` inajibu XFCE. Kivinjari kimefunguka na kipanya kinatembea. Asanteni mno, mama_wa_terminali umenifungua macho.

Swali la mwisho. Kwenye mashine hii kuna akaunti ya dada yangu, na nitamfungulia mdogo wangu nyingine. Hao nao watapata Xfce?

mama_wa_terminali:
Hapana. Ulichobadilisha ni chako peke yako. Dada ataendelea na aliyoizoea, na akaunti mpya ya mdogo wako gdm3 itaifungulia GNOME mpaka na yeye abonyeze gia mara moja. Kwa watu watatu, kubonyeza gia ni kazi ndogo kuliko kuhamisha mlango mzima.

Ukitaka mashine yote ianzie Xfce kwa kila akaunti mpya, hapo lightdm inafaa. Amri ni `sudo dpkg-reconfigure lightdm`, uichague safari hii. Kisha kwenye `/etc/lightdm/lightdm.conf`, chini ya `[Seat:*]`, weka `user-session=xfce`. Akaunti yenye kumbukumbu yake ya zamani itaendelea kuifuata, mstari huo ni wa wale ambao hawajawahi kuchagua. Na mpangilio wako wa kuingia bila kuulizwa ni wa gdm3, kwa hiyo lightdm utaipangia upya kwa `autologin-user=` na jina lako.

nukta_mkato:
Kabla hajahama, ajue kwamba kufunga skrini kwa GNOME kunategemea gdm. Kama dada yake atabaki GNOME huku mlangoni kuna lightdm, akibonyeza kufunga skrini haitafungika ile ya GNOME. Kama ana tabia ya kuinuka na kuiacha mashine wazi, hilo ni jambo la kufikiria.

mwanzo_mpya:
Dada anafunga skrini kila akiinuka, na ana kazi zake humo. Basi gdm3 inabaki. Mdogo wangu nitamwonyesha gia mwenyewe siku ya kwanza akikaa kwenye kiti.

futa_anza_upya:
Nimeelewa kuhusu zile nyota mbili, dada. Na mimi ikoni yangu ya mtandao ilipotea mwaka jana na sikujua kwa nini. Narudisha network-manager-gnome leo.