Le Voile bleu (1942): kweli hii ni picha ya propaganda?

mlezi_lyon
Habari za jioni wapenzi wa sinema za zamani. Hapa Lyon, Ufaransa, namhudumia bibi wa miaka tisini na kitu, na Jumapili baada ya chakula huwa tunaangalia picha moja. Juzi akachagua Le Voile bleu ya Jean Stelli. Louise, anayeigizwa na Gaby Morlay, kafiwa na mume katika vita ya 1914, na kichanga chake nacho kikafa. Basi analea watoto wa watu, nyumba hadi nyumba, mpaka nywele zinaingia mvi. Muuza vichezeo anampenda, lakini hawaoani.

Ilipofika pale mtoto aliyemlea kama wake anachukuliwa na mama mzazi, bibi alinishika kidole hiki cha mwisho, akakibana kwelikweli. Mara mjukuu wake akaingia, akasema hayo ni mahubiri ya Pétain, aliyetawala Ufaransa wakati Wajerumani wameikalia, wanawake wafundishwe kujinyima. Bibi akazima televisheni. Hakutamka neno mpaka nikamlaza.

Mjukuu amesema kweli? Hata mimi nililia, na nataka kujua nililia nini.

mzee_wa_projekta
Dada, hajakosea. Vichy, yaani serikali ya Pétain, walihubiri “Kazi, Familia, Nchi”, na Louise ni mwanamke waliyemtaka hasa. Ila fikiria waliokaa ukumbini. Zaidi ya wanaume milioni moja wa Kifaransa walikuwa mateka Ujerumani. Mke aliyebaki na watoto peke yake hakungoja Pétain amwambie alie.

Na usipime picha kwa aliyetawala wakati huo au aliyetoa fedha tu. Le Corbeau ya 1943 ilitolewa na Continental, kampuni ya Wajerumani, nayo ni chungu kama shubiri, haina mahubiri ya familia hata chembe. Ufaransa ilipokombolewa ikapigwa marufuku, na Clouzot aliyeiongoza akazuiwa kufanya kazi. Kisa cha Louise Wamarekani walikitengeneza upya 1951, akaigiza Jane Wyman. Huko Vichy haikuwepo, na watu walilia vilevile.

mama_wawili
Mimi nimelea Muscat miaka sita. Mtoto nilimpokea ana siku arobaini. Mkataba ulipokwisha niliambiwa niondoke alfajiri, kabla hajaamka. Ndala zake zilikuwa mlangoni; nilizipanga, nikatoka. Shoga yangu, hukulilia mahubiri. Ulilia kwa sababu kazi hiyo unaijua.

mlezi_lyon
Asanteni sana. Leo asubuhi nikimchana nywele nilimuuliza. Kumbe aliiona kwa mara ya kwanza akiwa mtoto, amepakatwa na mama yake, baba yake akiwa mateka. Mama alimbana kidole hivyo hivyo.

Imebaki Krismasi ya mwisho, daktari mmoja anapowakusanya wote waliolelewa na Louise. Jumapili tunaanzia pale alipozima.